Amitriptilini: Kidonge cha Sonona na Masharti Yake

Katika kabati la dawa la hospitali nyingi za wilaya, Tanzania na Kenya, si ajabu kukuta kopo la vidonge vidogo vya miligramu 25 viitwavyo amitriptilini. Si dawa mpya, wala si ya bei kubwa. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977, amitriptilini ilikuwamo, na hata leo haijaondolewa. Hata hivyo, ni dawa chache ambazo wale wanaozimeza huzifahamu kidogo kiasi hiki.

Chukua mfano wa watu watatu wanaoweza kutoka katika hospitali moja, siku moja, na kidonge hicho hicho. Wa kwanza ni mzee mwenye kisukari, ambaye nyayo zake humuwaka usiku kama aliyekanyaga makaa. Wa pili ni mama aliyeugua mkanda wa jeshi miezi minne iliyopita. Malengelenge yamekwisha kukauka, lakini maumivu yamebaki ubavuni, hata kanga ikimgusa hushtuka. Wa tatu ni mwalimu ambaye kwa majuma sita hajalala vema, chakula hakina ladha kinywani mwake, na kazi aliyokuwa akiipenda imekuwa mzigo.

Mzee afikapo nyumbani, mjukuu wake aliye katika shule ya sekondari husoma karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya paketi, kisha humwambia, "Babu, mbona hii ni dawa ya wagonjwa wa akili?" Vidonge hutupwa chooni. Mwalimu hutumia dawa kwa siku nne. Kinywa humkauka, usingizi humlemea mchana mbele ya wanafunzi, na nafuu haioni. Naye huacha. Mama hupata nafuu, akamgawia jirani yake vidonge kumi kwa kuwa jirani huyo "hapati usingizi". Wote watatu wamekosea, na kila mmoja alikuwa na sababu inayoeleweka. Ili kuona kosa lilipo, yafaa kuifahamu dawa yenyewe.

Maradhi yanayotibiwa

Kazi ya kwanza ya amitriptilini ni kutibu sonona. Neno hili ni ndugu wa kusononeka, yaani kuumia moyoni, lakini katika elimu ya tiba lina maana pana kuliko huzuni. Aliyefiwa hulia, hukosa hamu ya kula, huamka usiku wa manane. Hayo ni maombolezo, na jamii zetu zina namna zake za kuyabeba: matanga, jirani anayeleta uji, ndugu wanaolala nyumbani kwa wafiwa. Hayahitaji kidonge. Sonona hutajwa pale ambapo mtu, karibu kila siku kwa muda usiopungua majuma mawili, amezama katika hali ya unyonge au amepoteza kabisa hamu ya mambo aliyoyapenda, na pamoja na hayo usingizi wake umeharibika, nguvu zimemwishia, hawezi kukaza fikira, hujilaumu kupita kiasi, au mawazo ya kifo yanamrudia mara kwa mara.

Watu wengi hawaisemi hali hii kwa jina la ugonjwa. Husema "nina mawazo mengi" au "moyo umekuwa mzito". Wengine hawataji huzuni hata kidogo. Hufika kwa mganga wakilalamikia kichwa, mgongo, mapigo ya moyo au uchovu usiokwisha, na hupewa dawa za maumivu na za malaria mara tano kabla ya mtu kuwauliza habari za usingizi na za nyumbani. Ndiyo maana daktari mwangalifu hawi mwepesi wa kuandika dawa. Hutazama kwanza kama mgonjwa amepungukiwa damu, kama tezi ya shingo inafanya kazi yake, na kama pombe imo katika hesabu.

Kazi ya pili ya amitriptilini ni kutuliza maumivu ya neva zilizoharibika, kama yale ya kisukari na ya mkanda wa jeshi. Na kazi ya tatu ni kuzuia kipandauso kisirudi mara kwa mara. Hapa kipimo huwa kidogo zaidi, aghalabu miligramu 10 hadi 25 usiku mwanzoni, na nafuu hutokea hata kwa mtu asiye na sonona hata chembe. Dawa huziongezea nguvu zile njia za neva zinazoshuka kutoka ubongoni kwenda katika uti wa mgongo, ambazo kazi yake ni kuzuia ujumbe wa maumivu usipande. Hivyo mjukuu aliisoma karatasi sawasawa, lakini babu yake hakupewa dawa ile kwa ajili ya akili. Nyayo zake ndizo zilizotibiwa. Ni kweli pia kwamba si kila mwenye maumivu hayo hupata nafuu kwa dawa hii. Wanaotulia vya kutosha ni sehemu tu ya wanaoitumia, na daktari mkweli huwaambia wagonjwa hivyo tangu mwanzo.

Dawa iliyopatikana bila kutafutwa

Historia ya dawa za sonona ni historia ya watu waliokuwa wakitafuta kitu kingine. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View iliyopo Staten Island, New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa dawa mpya iitwayo iproniazidi. Mapafu yalipata nafuu, lakini madaktari waliona jambo jingine: wagonjwa waliokuwa wamelala kimya wodini walianza kuchangamka, kula sana, na kucheka. Miaka mitano baadaye daktari Nathan Kline na wenzake waliitumia dawa hiyo kwa wagonjwa wa sonona. Haikudumu sana, kwani ilibainika kuwa huliharibu ini, ikaondolewa sokoni nchini Marekani mwaka 1961.

Njia ya pili ilianzia Uswisi. Kampuni ya Geigy ya mji wa Basel ilikuwa na kemikali yenye viini vitatu vilivyoungana kama pete, iliyotokana na dutu ambayo wanakemia waliiunda kwa mara ya kwanza mwaka 1899 na kuisahau. Baada ya dawa ya klopromazini kuleta mapinduzi katika matibabu ya wazimu mnamo mwaka 1952, Geigy iliipeleka kemikali yake kwa Roland Kuhn, daktari wa hospitali ya magonjwa ya akili ya Münsterlingen, kando ya Ziwa Konstanz, ikitumaini kuwa itafanya kazi ile ile. Haikufanya, baadhi ya wagonjwa walizidi kufadhaika. Lakini Kuhn hakuifunga faili. Mapema mwaka 1956 alianza kuwapa wagonjwa waliozama katika sonona, na baada ya siku chache hadi majuma kadhaa wakaanza kuinuka. Mwaka 1957 alichapisha taarifa ya wagonjwa 40 wa kwanza. Alipoisoma katika mkutano wa kimataifa wa madaktari wa akili mjini Zürich mwaka huo huo, wasikilizaji ukumbini walikuwa kumi na kitu tu. Dawa hiyo iliitwa imipramini.

Kuna upande mwingine wa habari hiyo ambao haukusimuliwa kwa miaka mingi. Utafiti wa wanahistoria uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa hospitali ya Münsterlingen ilijaribu kemikali nyingi kwa wagonjwa wake kwa miongo kadhaa, na kwamba wengi wa wagonjwa hao hawakuelezwa kuwa wanajaribiwa dawa wala hawakuombwa ridhaa. Mwanafunzi anayejifunza namna sayansi inavyopiga hatua anastahili kujua mambo yote mawili: jicho la daktari aliyeona kisichotarajiwa, na watu ambao miili yao ilitumika bila wao kuulizwa.

Mafanikio ya imipramini yaliwafanya wanakemia wa kampuni nyingine waigeuze kidogo. Katika pete ya kati waliondoa atomu ya nitrojeni, wakaweka kaboni. Kemikali iliyopatikana ilikuwa amitriptilini, nayo ilikubaliwa kuuzwa nchini Marekani mwaka 1961.

Namna inavyofanya kazi

Seli mbili za neva hazigusani. Kati yao kuna ufa mwembamba uitwao sinapsi, na ujumbe huvuka ufa huo kwa njia ya kemikali. Miongoni mwa wajumbe hao ni serotonini na noradrenalini. Mjumbe akimaliza kazi yake hufyonzwa na kurudishwa katika seli iliyomtoa, kama vile mtu anavyookota nyavu zake ili azitumie kesho. Julius Axelrod wa Marekani na wenzake walionyesha mwaka 1961 kwamba imipramini huzuia ufyonzaji huo. Uchunguzi wake juu ya wajumbe hawa ulimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 1970. Amitriptilini hufanya vivyo hivyo: mjumbe hubaki katika ufa kwa muda mrefu zaidi.

Kutokana na hayo yalizuka maelezo rahisi yaliyoenea katika vitabu na magazeti, kwamba sonona ni upungufu wa serotonini na kidonge hujaza kilichopungua. Maelezo haya ni matamu kufundisha, lakini hayakusimama. Miaka mingi ya utafiti haikuleta ushahidi thabiti kuwa wenye sonona wana serotonini pungufu. Isitoshe, ufyonzaji huzuiwa ndani ya saa chache, ilhali mgonjwa huanza kupata nafuu baada ya majuma mawili, matatu au manne. Kitu kingine hutokea katika muda huo: huenda ni seli kubadili idadi ya vipokezi vyake, huenda ni matawi ya neva kuota upya. Jambo hili bado linachunguzwa. Kwa sasa yatosha kukumbuka kwamba parasetamoli huondoa maumivu ya kichwa, na hakuna asemaye kuwa kichwa kiliuma kwa upungufu wa parasetamoli.

Je, dawa inafaa kweli? Mwaka 2018 yalichapishwa majumuisho makubwa ya majaribio 522, yenye watu 116,477, yaliyolinganisha dawa 21 za sonona na vidonge bandia na pia dawa hizo zenyewe kwa zenyewe. Zote 21 zilishinda vidonge bandia, ingawa kwa wastani tofauti ilikuwa ya kiasi tu. Amitriptilini, kongwe kuliko karibu zote, ilikuwa miongoni mwa zilizoonyesha nguvu kubwa zaidi. Lakini pia ilikuwa miongoni mwa zile ambazo watu wengi waliziacha njiani. Nguvu na adha katika dawa hii hukaa nyumba moja.

Kwa nini kinywa hukauka

Laiti amitriptilini ingegusa serotonini na noradrenalini tu, makala haya yangekuwa mafupi. Umbo lake la pete tatu huingia pia katika vipokezi vingine ambavyo havikukusudiwa, kama ufunguo mmoja unaofungua milango minne ya nyumba.

Mlango mmoja ni wa asetilikolini. Kemikali hii ndiyo inayoamrisha tezi za mate, misuli ya utumbo, kibofu cha mkojo na lenzi ya jicho. Ikizuiwa, kinywa hukauka, choo huwa kigumu, mkojo hutoka kwa shida, na maandishi ya karibu huonekana kama yana ukungu. Mwanafunzi aliyejifunza mfumo wa neva usiotawaliwa na hiari anaweza kuyatabiri madhara haya bila kuambiwa. Kwa sababu hiyo hiyo mzee mwenye tezi dume iliyovimba, au mtu mwenye aina fulani ya presha ya macho, hawezi kupewa dawa hii bila tahadhari kubwa.

Mlango mwingine ni wa histamini, na kuuziba huleta usingizi na kuongeza hamu ya kula. Watu hunenepa. Mlango wa tatu umo katika mishipa ya damu: mtu akiinuka ghafula kitandani presha yake hushuka, akaona kizunguzungu. Kwa kijana huo ni usumbufu. Kwa bibi wa miaka sabini ni kuanguka na kuvunjika nyonga.

Mengi ya madhara haya hupungua baada ya juma moja au mawili, na mengine huzuilika kwa hila ndogo. Kidonge humezwa saa moja au mbili kabla ya kulala, ili usingizi wake uangukie usiku. Maji ya kutosha, matunda, mboga za majani na kutembea husaidia choo. Kuinuka hufanywa kwa hatua: kukaa kwanza, kisha kusimama. Dereva, mwendesha bodaboda na mfanyakazi wa mashine hukaa mbali na kazi hizo siku za mwanzo, na kila kipimo kinapoongezwa, mpaka wajue mwili umeipokeaje dawa. Pombe haifai kabisa, kwani huuzidisha usingizi na kudhoofisha pumzi.

Hapa ndipo kosa la mwalimu linapoonekana. Madhara huja siku ya kwanza, na manufaa huja juma la tatu. Asiyeambiwa mapema mpangilio huo ataamini kuwa amepewa sumu, naye ataacha siku zile zile ambazo alipaswa kuvumilia. Lawama si yake. Dakika tano za maelezo dirishani pa dawa zingetosha, na dakika hizo ndizo zinazokosekana mara nyingi.

Moyo na hatari ya kupita kipimo

Mlango wa nne ndio wa kuogofya. Msuli wa moyo hupiga kwa sababu chembe za sodiamu zenye chaji huingia katika seli zake kwa kasi na kwa zamu. Amitriptilini ikizidi hubana njia hizo za sodiamu. Mkondo wa umeme wa moyo hupungua kasi, mapigo huharibika, presha huporomoka. Na ubongoni hutokea degedege na kupoteza fahamu. Umbali kati ya kipimo kinachotibu na kipimo kinachoua ni mdogo kuliko katika dawa mpya za sonona. Kwa mtoto mdogo, vidonge vichache tu vilivyosahauliwa juu ya meza vinaweza kuwa vingi mno.

Ni mkasa wa aina yake kwamba dawa yenye hatari hii hupewa watu ambao ugonjwa wao wenyewe huwaletea mawazo ya kujidhuru. Madaktari waangalifu hawampi mgonjwa wa namna hiyo vidonge vya miezi mitatu. Humpa vya juma moja, na humwomba ndugu anayeaminika avitunze. Kumwuliza mtu waziwazi kama ana mawazo ya kufa hakumpandi wazo hilo. Mara nyingi humtua mzigo aliokuwa akiubeba peke yake. Mwalimu wa shule anaweza kuuliza swali hilo kama daktari, kisha asimwache mwanafunzi peke yake, na amfikishe kwa mzazi na hospitalini siku hiyo hiyo.

Ikitokea mtu amemeza kupita kipimo, au mtoto amekutwa na kopo wazi, apelekwe hospitalini mara moja, hata kama anaonekana mzima, kwani hali huweza kugeuka ndani ya saa chache. Asitapishwe, maana anaweza kuingiwa na usingizi au degedege huku anatapika. Kopo la dawa liende pamoja naye. Hospitalini moja ya dawa za kuokoa ni bikaboneti ya sodiamu inayotiwa katika mshipa, dutu ile ile ambayo kila mwanafunzi wa kemia ameishika. Sodiamu iliyoongezwa husukuma njia zilizobanwa, na damu ikipungua uasidi, dawa hulegeza mshiko wake katika moyo.

Kimeng'enya, jeni na dawa mseto

Amitriptilini huvunjwavunjwa katika ini na vimeng'enya, na kimojawapo kina alama ya CYP2D6. Watu hawalingani katika kimeng'enya hiki. Katika miaka ya 1990 uchunguzi uliofanywa Zimbabwe na Tanzania ulionyesha kwamba Waafrika wengi wa sehemu hizo wana aina ya jeni, iliyo nadra Ulaya, ambayo hutoa kimeng'enya chenye utendaji hafifu. Wakati huo huo, uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 juu ya Waethiopia ulikuta karibu watu 29 katika kila 100 wana nakala za ziada za jeni hiyo, nao huivunja dawa upesi mno. Kipimo kimoja, basi, kwa mtu mmoja chaweza kuwa kikubwa, na kwa mwingine kisitoshe. Kwa sababu hiyo daktari huanza na kipimo kidogo na kukipandisha polepole kwa majuma. Kwa sonona mara nyingi huanzia miligramu 25 usiku na kuelekea 75 hadi 150 kwa siku, kwa kadiri mgonjwa anavyoitikia. Vitabu vingi vya vipimo viliandikwa kwa kuwapima watu wa nchi nyingine, na si vibaya kulikumbuka hilo.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika nchi za malaria. Lumefantrini, iliyo sehemu ya dawa mseto ya malaria inayotumika sana Afrika Mashariki, hukizuia kimeng'enya hicho hicho. Maelezo ya watengenezaji wa dawa mseto yanaitaja amitriptilini kwa jina katika maonyo yao, kwani amitriptilini yaweza kulundikana mwilini, na zote mbili zinagusa umeme wa moyo. Kwinini nayo ina tabia kama hizo. Haina maana kwamba mwenye sonona asitibiwe malaria. Malaria huua upesi zaidi. Maana yake ni kwamba anapopimwa na kukutwa na vijidudu, aseme wazi ni dawa gani anazotumia, ili mganga achague dawa ya malaria ifaayo au arekebishe ile nyingine kwa siku hizo. Mgonjwa anayeificha amitriptilini kwa aibu humfunga mganga macho.

Zipo nyingine za kutajwa. Tramadoli, dawa ya maumivu, ikichanganywa na amitriptilini huongeza hatari ya degedege. Linezolidi, inayotumika kwa kifua kikuu sugu, ina tabia ile ile ya iproniazidi ya mwaka 1952, nayo haipatani na dawa za sonona. Mwenye kifafa, mwenye maradhi ya moyo, mjamzito na anayenyonyesha, kila mmoja huhitaji hesabu yake mbele ya daktari. Si kwamba dawa imekatazwa kwao wote, ila faida na hatari zao hupimwa kwa mizani nyingine. Jirani aliyegawiwa vidonge kumi hakuulizwa hata swali moja kati ya haya.

Nani asianze nayo

Baadhi ya wenye sonona wamewahi kupitia kipindi cha kinyume chake: siku nyingi za uchangamfu uliopita kiasi, kutolala na kutochoka, kusema bila kituo, kutumia fedha ovyo. Watu hao wakipewa dawa ya sonona peke yake huweza kurushwa tena katika hali hiyo. Swali moja juu ya siku zilizopita huepusha balaa kubwa.

Kwa watoto na vijana, dawa za kundi la amitriptilini hazitumiki kutibu sonona. Hazikuonyesha faida ya kutosha kwao, na hatari yake ni ile iliyokwisha kuelezwa. Mwaka 2004 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza dawa zote za sonona ziandikwe onyo kwamba kwa watoto na vijana zinaweza kuongeza mawazo ya kujiua, hasa mwanzoni mwa matibabu; mwaka 2007 onyo hilo lilipanuliwa hadi umri wa miaka 24. Kijana huanza na mazungumzo ya tiba, na inapolazimu dawa, hutazamwa kwa karibu, aghalabu kwa fluoksetini. Hiyo ni dawa ya kizazi kilichofuata, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1987, na Shirika la Afya Duniani liliiongeza katika orodha yake mwaka 2007. Haikaushi kinywa sana, nayo ikizidi si hatari kwa moyo kama hii kongwe, ingawa ina madhara yake, kama kichefuchefu, kukosa usingizi na kupunguza hamu ya tendo la ndoa.

Tena, kidonge si njia pekee hata kwa watu wazima. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji 30 vya wilaya za Rakai na Masaka, Uganda. Watu wenye sonona walikutana katika vikundi, wanawake mbali na wanaume mbali, kila juma kwa majuma 16, wakiongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumza juu ya misiba, ugomvi wa nyumbani na mabadiliko ya maisha yaliyowaelemea. Mwanzoni watu 86 katika kila 100 wa vikundi hivyo walikuwa na dalili kamili za sonona. Mwishoni walibaki kati ya 6 na 7. Katika vijiji visivyokuwa na vikundi walibaki karibu 55. Hakuna aliyemeza kidonge cha jaribio. Kwa sonona nyepesi mazungumzo ya namna hii ndiyo ya kwanza, na kwa sonona kali huenda sambamba na dawa.

Namna ya kuacha

Mgonjwa akishapona hujiuliza kwa nini aendelee. Jibu ni kwamba sonona hurudi kwa urahisi katika miezi ya kwanza, kwa hiyo dawa huendelezwa kwa miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya dalili kwisha. Amitriptilini haileti uraibu kama pombe. Hakuna anayeitamani wala anayelazimika kuzidisha ili aridhike. Lakini mwili uliokwisha kuizoea haupendi kuachwa ghafula. Aliyekata siku moja huweza kupata kichefuchefu, jasho, kichwa kuuma, ndoto za kutisha na wasiwasi, akadhani ugonjwa umerudi. Kipimo hupunguzwa hatua kwa hatua kwa muda usiopungua majuma manne, na kwa waliotumia miaka mingi huchukua muda mrefu zaidi. Aliyesahau kidonge cha jana hamezi viwili leo.

Wakati wote huo kopo hukaa mahali pa juu penye kufungwa, ndani ya chombo chake chenye jina, si katika bahasha wala chini ya mto. Vidonge vinavyobaki baada ya matibabu kwisha hurudishwa kwa mfamasia. Havitupwi chooni, wala havihifadhiwi kwa ajili ya mgeni asiyepata usingizi.